Daftari la Kuanzia Nyuma

Mtae, Lushoto
10 Machi 2024

Mwanangu Latifa,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Baba yako mzima. Yule mbuzi wa pembe moja kazaa mapacha, na mmoja wao hana adabu tangu siku aliyozaliwa. Viazi vimekubali mwaka huu, goti langu ndilo lililokataa. Kesho au keshokutwa tunafunga, mwezi ukionekana, ingawa kwa ukungu huu wa Mtae hata jirani haonekani.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii siyo simu tena, imekuwa redio. Tangu iliponiponyoka ikaingia kwenye ndoo haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na mtandao uko pale pale kwenye nguzo ya baraza. Ukipiga wewe, nasikia mimi, anasikia baba yako, na anasikia mke wa Nassoro anayepita na mzigo wake wa kuni. Hili jambo silitaki lisikike. Barua nampa Jafari kondakta, ataitia posta akifika Lushoto.

Jambo lenyewe ni dogo. Nataka umchagulie baba yako daftari. Siyo haya ya wanafunzi yanayolegea kwa unyevu mpaka peni inatoboa. Nataka daftari la mtu mzima, la mwanamume. Wewe ni mwalimu na uko karibu na maduka, unajua zuri na baya.

Usiniulize la nini.

Shangazi yako,
Mwanaidi


Singida
3 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nafunga vizuri, ila huku saumu inauma zaidi kwa sababu ya upepo na vumbi, koo linakauka kabla ya saa nne. Darasa langu la kwanza mwaka huu lina watoto themanini na wawili. Mwenzangu Eliza ninayepanga naye nyumba moja ni Mlutheri, lakini jioni ananipikia uji wa futari mzuri kuliko ninavyojipikia mwenyewe. Anakusalimu. Hao mapacha wa mbuzi uwape majina, yule asiye na adabu mwite jina langu.

Umesema nisikuulize la nini, nami nakuuliza. Shangazi, Baba hajui kuandika. Hakwenda shule hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia pedi ya wino akiweka dole gumba, kwenye mikutano ya kijiji na kila ofisi tuliyoingia. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea barua, namsomea makopo ya dawa za viazi, namsomea hata kadi yake ya kliniki. Sasa daftari la nini? Au unalitaka wewe, unamsingizia yeye?

Niambie kweli kama anaumwa. Nikipiga simu ananiitikia salamu, anauliza kama nimekula, halafu anasema, "Haya, ongea na shangazi yako." Miaka sita tangu nije kazini huku, sijapata kwake maneno kumi kwa mpigo. Nilidhani Mama akishafariki angenisogelea kidogo, lakini ndiyo kwanza yamepungua. Mimi najua hakutaka niondoke. Ninachotaka kujua ni kama bado amenikasirikia.

Wako,
Latifa


Mtae
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Tulikula pilau, baba yako kavaa kanzu yake ya mwaka jana na doa lake la mwaka jana.

Nilikwambia usiulize, umeuliza kurasa mbili. Haya.

Anaandika. Nimemwona kwa macho yangu mawili, ingawa moja lina mtoto wa jicho. Anakaa kwenye kigoda cha jikoni, ananipa mgongo, anaandika kwenye daftari zako za shule ya msingi. Zile ulizoziacha kwenye sanduku, alizikusanya akaanza kutumia kurasa zilizobaki wazi. Akimaliza analitia chini ya godoro. Nimemuuliza mara tatu anaandika nini. Mara ya kwanza kaniambia chumvi imezidi. Mara ya pili katoka kwenda kuangalia mbuzi. Mara ya tatu nikamwambia wazi, kaka, mtu wa umri wako akianza kuandika kimyakimya watu hufikiria wasia, kama ni wasia niambie umeniachia nini. Akacheka mpaka akakohoa. Wasia siyo.

Hana ugonjwa. Kama amekasirika au hajakasirika hilo muulize mwenyewe, mimi si mdomo wake.

Kurasa za daftari zako zinakaribia kuisha, na mwanamume huyu hawezi kuomba. Chagua upesi.

Mwanaidi


Singida
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Habari ya goti? Huku tuko wazima, alizeti zimeanza kukomaa na barabara yote ni njano. Nimecheka habari ya wasia mpaka Eliza akaja kuuliza kuna nini.

Nimekwenda dukani kwa Tobia, anauza vifaa vya shule na ofisi. Nikamwambia nataka daftari la kumpa baba yangu. Akaniuliza, "Mzee ni mtu wa namna gani?" Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikamwambia ni mkulima. Akasema hiyo ni kazi, yeye ameuliza mtu. Nikamwambia ni mkimya. Akasema, "Basi mwanamume mkimya mpe nyeusi," akanishushia diari ya mwaka huu, jalada gumu kama ngozi, ina mpira wa kuifungia na kishikizo cha peni. Kila siku ina ukurasa wake na tarehe imechapwa juu. Nikaona inafaa, hata kama miezi minne imeshapita. Ya nyuma aache, aanze pale tulipo.

Ninaituma pamoja na barua hii. Lakini swali la Tobia limenikaa. Nimeishi na Baba miaka ishirini na mitatu na sikujua hata kama anapenda mistari au karatasi tupu. Tena sikujua kama anaandika. Nani alimfundisha? Lini? Kwa nini aliniacha nimshikie pedi ya wino miaka yote ile?

Na umwambie, au usimwambie, kwamba nimeichagua mimi.

Latifa


Mtae
20 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Idi ya kuchinja imepita salama, mbuzi wako mwenye jina lako tumemwachia. Baridi imeingia, asubuhi tunaota moto kama wezi.

Diari imefika, Jafari kaileta mkononi kama yai. Baba yako kaufurahia ule mpira. Kauvua, sasa anafungia mfuniko wa kopo la mbegu za maharage. Kishikizo cha peni nacho kasema kizuri. Diari yenyewe kaikataa.

Usikasirike, sikiliza. Kaichukua, kafuta mikono, kafungua jalada, katazama ukurasa wa kwanza akanionyesha. "Hii imeanza na Desemba," akasema. Nami nikatazama, na ni kweli, pale alipofungua ilikuwa Desemba, tena tarehe thelathini na moja. Kafunua wa pili, thelathini. Kafunua wa tatu, ishirini na tisa. Akasema, "Siku zinarudi nyuma. Mtu akiandika humu atamaliza kabla hajaanza." Akaifunga, akanirudishia kwa heshima zote. Nimeiweka kabatini.

Tafuta nyingine, isiyo na tarehe. Na huyo Tobia mwambie wanaume wakimya hawapendi kuambiwa leo ni siku gani.

Mwanaidi


Singida
14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimepata mafua ya upepo lakini yamepungua.

Nimerudi kwa Tobia, nikamwomba diari nyingine ya aina ileile, tukaifungua pamoja. Inaanza Januari. Tumefungua ya pili, Januari. Hata Tobia kashangaa. Wewe unasema kwa Baba ilianza Desemba na wewe mwenyewe uliona. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeligeuza kila upande. Unanificha jambo, Shangazi, na najua unafurahi.

Kuna jambo lingine, na hili si la kuchekesha. Kuna mwalimu anaitwa Modesta, anafundisha Mlola, huko huko kwetu Lushoto. Mume wake yuko Singida, anataka kuhamia huku. Ametafuta wa kubadilishana naye kituo, akanipata mimi. Mlola si Mtae, lakini Ijumaa jioni ningekuwa nafika nyumbani. Mkuu wangu hana kipingamizi, wake pia. Modesta anataka jibu langu kabla Septemba haijaisha, kwa sababu kuna mwalimu mwingine anaingojea nafasi hiyo.

Jumapili ya tarehe saba nilimuuliza Baba kwenye simu. Ulikuwepo, ulisikia. Nilimwuliza, "Baba, nikipata nafasi nirudi kwetu Shambaai?" Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Kazi ni kazi, mwanangu. Haya, ongea na shangazi yako."

Shangazi, sitaki kurudi kwenye nyumba ambayo sitakiwi. Nikibaki huku nitabaki mwalimu wa watu na roho yangu itatulia. Nikija nikakuta kimya kilekile cha kwenye simu, nimekaa nacho meza moja, sitaweza. Nimeanza kumwandikia Modesta kwamba nimeghairi. Barua iko kwenye begi.

Latifa


Mtae
18 Agosti 2024

Mwanangu Latifa,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya jicho, nilipelekwa Lushoto wakalitazama, wamesema bado linangoja. Mke wa Nassoro kajifungua salama, mtoto wa kike, sauti yake haihitaji simu.

Hilo la Modesta nimelisoma. Sina la kusema.

La daftari ninalo. Umechagua kwa macho ya mwenye duka, ndiyo maana umekosea. Sasa nakutumia kipimo. Hili ni moja ya madaftari yako ya zamani ambayo baba yako ameyatumia, limejaa, hana tena pa kuandika. Upime urefu wake na upana wake kwa rula. Uhesabu mistari ya ukurasa, asije akapata mipana zaidi wala myembamba zaidi. Kisha ulirudishe kwa posta, Jafari atalichukua Lushoto.

Yaliyomo hayakuhusu.

Barua ya kwenye begi usiitume kabla hujamaliza kupima.

Mwanaidi


Singida
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya mikono miwili.

Umeniambia nihesabu mistari ya ukurasa. Daftari halihesabiwi mistari likiwa limefungwa, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Siku nne nililiacha juu ya meza. Jalada lina mwandiko wangu wa utotoni, Latifa Rashidi, Darasa la Saba, Hisabati. Eliza akaniuliza kwa nini nalizunguka kama mtu aliyeona nyoka. Siku ya tano nikafungua. Nikakuta hesabu zangu, sehemu na asilimia, na kalamu nyekundu ya mwalimu. Nikafunua mpaka katikati, na pale katikati hesabu zangu zikaisha. Ukurasa unaofuata ulikuwa umejaa herufi za chuoni.

Nilikaa chini. Shangazi, kumbe anaanza huku. Anaanza jalada la nyuma, anaandika kutoka kulia kuja kushoto, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, nami nimeanza jalada la mbele miaka kumi na saba iliyopita, tukakutana katikati. Ndiyo maana diari yangu ilianza Desemba. Na wewe ulikaa chuo kimoja cha Kurani naye, kwa Maalim Ibrahimu, umesimulia mwenyewe mara mia jinsi alivyowachapa nyote wawili. Nani alikuwa ananidanganya kwamba hajui anaandika nini?

Nilisoma chuoni mpaka nilipofika darasa la tano, kwa hiyo herufi ninazijua, lakini Kiswahili sijawahi kukisoma kwa hizo. Nilifuata kwa kidole, herufi moja moja, kwa sauti, kama wanavyosoma watoto wangu themanini na wawili. Ukurasa wa kwanza ulinichukua jioni nzima. Una mistari miwili tu.

"Sauti ya mama Latifa imeanza kunipotea. Hii ya mtoto naiandika."

Kisha siku zinafuatana. Nakuandikia baadhi, ingawa wewe umeshazisoma.

"Jumapili. Latifa kapiga simu. Kasema Singida upepo. Sauti ina mafua."

"Latifa kacheka, kaambiwa habari za mbuzi. Mwisho wa kicheko sikuusikia, mke wa Nassoro kapita akisalimu."

"Latifa kasema watoto themanini na wawili. Ameongea haraka. Nadhani hajala."

"Jumapili. Latifa hakupiga. Mtandao ulikuwepo."

Hilo la mwisho nimelirudia mpaka likaniuma. Nilikuwa nimekwenda harusini.

Mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika. Nimesimama mbele ya watoto wa watu nikawaambia someni, baba yangu mimi hajui hata kuandika jina lake. Nimesema hivyo zaidi ya mara moja. Na yeye alikuwa anajua wakati wote, ila karani gani huko ofisini angempokelea jina lililoandikwa hivi? Wangempa pedi ya wino tu. Nami nilikuwa nimeishika.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho wake, ule unaotazamana na hesabu yangu ya mwisho. Tarehe saba, mwezi wa saba.

"Latifa kauliza arudi. Nimesema kazi ni kazi. Nimesema uongo."

Shangazi, nililia, Eliza akaacha ugali jikoni akaja kukaa na mimi.

Barua ya Modesta nimeichana. Nimemwandikia nyingine, nimemwambia ndiyo. Inshallah Januari nitakuwa Mlola. Sitamwambia Baba kwamba nimesoma. Nitapiga Jumapili ijayo, nitamwambia habari ya Mlola tu.

Kipimo nimekipima. Urefu sentimita ishirini na moja, upana kumi na sita na nusu, mistari ishirini na tano. Nimerudi kwa Tobia, akaniuliza tena mzee ni mtu wa namna gani. Safari hii nilimjibu mpaka akaweka kiti nje tukae. Tumechagua pamoja kaunta buku, jalada gumu la kitambaa, haina tarehe, haina namba za kurasa, haina maneno popote, ukiifungua mbele au nyuma ni sawa. Karatasi nzito, haipitishi wino. Nimechukua ile nene kuliko zote, ili asiishiwe tena karatasi bila kuomba.

La zamani nalirudisha kama ulivyoagiza. Hesabu zangu aendelee kuzitunza.

Mwanao,
Latifa


Mtae
13 Oktoba 2024

Mwanangu Latifa,

Marahaba, za mikono yote miwili nimezipokea.

Sisi wazima. Maharage ya vuli tumeshapanda, mvua imeanza kutuchungulia. Mbuzi Latifa kavunja uzio wa Nassoro, kesi imeisha kwa maneno mazuri. Jicho langu linaona lile linalotaka kuona.

Siku ile ulipopiga ukasema habari ya Mlola, ulisikia mwenyewe alichosema, kwamba Mlola kuna baridi, ulete sweta. Hukuona kilichofuata. Alitafuta mahali pa kuandika. Daftari zako zote zimejaa, kaunta buku yako ilikuwa bado haijafika, na ile diari ya Tobia hakutaka kuigusa. Mwisho aliandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Sikusoma. Nilikuwa nimesahau miwani.

Jambo moja nililokuficha nalisema sasa. Nilipolitoa daftari chini ya godoro nikutumie, nilidhani yuko shambani. Kumbe alikuwa kwenye kigoda chake, anakula maharage, ananitazama. Nikasimama na daftari mkononi kama mwizi wa kuku. Hakuniuliza nalipeleka wapi. Aliniambia nilifunge kwa nailoni, njiani kuna mvua. Kwa hiyo usijisumbue kumficha kwamba umesoma.

Kaunta buku imefika juzi. Kaipokea kwa mikono miwili. Kafungua upande wake, karatasi nyeupe. Kaigeuza, kafungua upande wako, nyeupe. Kapitisha kidole kwenye mistari, kanusa kitambaa cha jalada. Nikamuuliza, hii je, binti yako amepatia? Akasema amepatia kila kitu, mistari, karatasi, jalada. Kisha kaishika kwa ubavu, akapima unene wake kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Nene mno," akasema. "Mtoto si anakuja Januari? Akishakuja, nitaandika nini humu?"

Swali hilo si langu. Nimekuandikia wewe.

Shangazi yako,
Mwanaidi